Anaongoza hadi shimo la 14, kisha mikono inakaza: tumfundisheje kijana kutulia?

Mkufunzi wa Vijana, Moshi

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa zangu nasema shikamooni.

Ninasaidia kufundisha kundi dogo la vijana wanaocheza gofu, na miongoni mwao yumo binti wa miaka 16 ambaye kwa uwezo wa kupiga mpira sina shaka naye hata kidogo. Handikapu yake, yaani mikwaju ya ziada anayokadiriwa kuhitaji juu ya idadi iliyowekwa kwa uwanja, ni tisa, mkwaju wake wa kuanzia huenda mahali alipokusudia, na katika mazoezi ya jioni mpira ulio mita moja na nusu kutoka shimoni kwenye griini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, anauingiza mara nyingi kiasi kwamba wenzake hugeuka kuondoka kabla haujafika shimoni. Tatizo linajitokeza katika mashindano, tena si mwanzoni. Mashimo ya awali anayacheza kama anavyocheza mazoezini. Kisha mtu hupita akamnong'oneza kwamba anaongoza, au yeye mwenyewe hujumlisha kadi yake ya alama, na kuanzia hapo namwona mchezaji mwingine kabisa. Hutembea haraka kuliko kawaida yake, huchomoa fimbo kabla kedi, yaani mbeba mfuko wake, hajamaliza kumtajia umbali, hushika mpini kwa nguvu hadi vifundo vya vidole vinatokeza, na mpira uleule wa mita moja na nusu huupiga kama mtu anayetaka jambo liishe upesi.

Wakubwa klabuni wanampenda na kila mmoja humpa neno: tulia, usiogope, sahau matokeo. Ni maneno mema, lakini hayamwambii afanye nini. Mtoto huitikia "ndiyo, mzee" na kwenda kwenye tii, mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza wa shimo, akiwa na hofu ileile, na juu yake ameongezewa hofu ya kuwavunja moyo waliomshauri.

Tuna mashindano Dar es Salaam hivi karibuni, ya siku mbili, mashimo 36, na kila mkwaju unahesabiwa, mwenye michache zaidi ndiye mshindi. Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Je, utulivu wa namna hii hufundishika, au ni tabia ambayo mtu huzaliwa nayo? Kama hufundishika, afanye nini hasa katika muda ule mfupi kabla ya kupiga? Na zaidi ya yote, nitamzoezaje kukabili shinikizo wakati mazoezi yetu ya jioni hayana watazamaji, hayana kikombe, na hayana chochote cha kupoteza?

Mhadhiri wa Saikolojia ya Michezo, Dodoma

Mwalimu, maelezo yako yamebeba sehemu kubwa ya jibu. Umesema hatetemeki kwenye shimo la kwanza, bali pale anapojua kuwa anaongoza. Uwanja ni uleule na fimbo ni zilezile. Kilichobadilika ni kile ambacho akili yake inakitazama, na mahali pa kuelekeza akili ni jambo linalofundishika kama vile mkao wa miguu unavyofundishika.

Kwanza mwili. Mtu anapohisi kuwa jambo kubwa liko hatarini, adrenalini huongezeka, moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani na kuwa fupi, misuli midogo ya vidole na viganja hukaza, na miondoko yote huharakishwa, ukiwamo mwendo wa fimbo. Mabingwa wa dunia hupatwa na hali hii sawasawa na mtoto wa klabu. Ndiyo maana kumwambia asiogope ni kumpa mzigo wa pili, kwa kuwa sasa anapaswa kupiga mpira na wakati huohuo kupigana na mwili wake mwenyewe. Afadhali umweleze mapema yatakayotokea: moyo utadunda, viganja vitaloa jasho, na kwa sababu ya nguvu hiyo ya ziada mpira unaweza kuruka mbali kidogo kuliko alivyozoea. Akiyajua hayo, dalili zitakapokuja hatazichukulia kuwa habari ya kushindwa.

Sasa akili, na hapa naomba univumilie kwa sababu ndipo kiini kilipo. Mwaka 1992 mtafiti Rich Masters aliwafundisha wanaoanza gofu kusukuma mpira kwenye griini kwa njia mbili. Baadhi walipewa maelekezo mengi ya kanuni za kupiga, na wengine walijifunza bila maelekezo huku akili yao ikishughulishwa na kazi nyingine. Walipowekwa chini ya shinikizo, waliovurugika zaidi ni wale waliojaa kanuni kichwani. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mtu mwenye wasiwasi hujaribu kuusimamia kwa hatua moja moja mwendo ambao mwili tayari unaujua wote kwa pamoja, na usimamizi huo ndio unaouvunja. Sian Beilock na Thomas Carr walilifuatilia jambo hilo, wao pia kwa mchezo wa griini, na mwaka 2004 Beilock na wenzake walionyesha tofauti ambayo kila mkufunzi anapaswa kuijua: wanaoanza hupiga vizuri zaidi wanapoambiwa wawe waangalifu, ilhali wazoefu hupiga vizuri zaidi wanapoambiwa wasichelewe. Binti yako mwenye handikapu ya tisa si mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kwenye shimo la 16 usimkumbushe kiwiko wala bega. Yaliyohusu kiwiko yaishie kwenye uwanja wa mazoezi.

Utasema kwamba tayari anaharakisha, basi nimwambieje asichelewe? Kuna aina mbili za haraka. Ipo haraka ya kuanza kabla ya kuamua, na hiyo ndiyo inayomwangusha, na upo wepesi wa kupiga baada ya kuamua, ambao unamlinda. Kazi yako ni kumjengea mlango kati ya kuamua na kupiga, yaani utaratibu mmoja usiobadilika kwa kila mkwaju, kuanzia wa kwanza asubuhi. Asimame nyuma ya mpira, achague fimbo na mahali pa kuangushia mpira, na alichague mahali hapo kwa udogo: tawi fulani au kona fulani ya griini, na si "kule kushoto". Avute pumzi kwa kawaida, kisha aitoe polepole kuliko alivyoivuta, kwa kuwa pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Aingie kwenye mpira, atazame shabaha, arudishe macho, apige. Kanuni za gofu zinapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu ya mchezaji ifike na njia iwe wazi, na utaratibu wa namna hii hutoshea humo bila taabu.

Kwenye griini ongeza kitu kimoja. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary alichunguza macho ya wachezaji na kuona kwamba wenye ustadi huyatuliza mahali pamoja nyuma ya mpira kwa takriban sekunde mbili hadi tatu kabla ya kusukuma, na huyaacha palepale kwa muda mfupi hata mpira ukishaondoka. Wasio na ustadi macho yao hurukaruka kati ya mpira, fimbo na shimo. Watafiti waliofuata waliwafundisha wachezaji kutuliza macho hivyo, na waliofundishwa walistahimili shinikizo vizuri zaidi. Ni zoezi lisilohitaji kifaa chochote. Chora nukta kwenye mpira, na baada ya kila mkwaju muulize aliona nini mahali mpira ulipokuwa.

Kuhusu muda uliobaki, fanya hesabu naye. Mikwaju 80 kwa sekunde 40 kila mmoja haifiki saa moja, na raundi huchukua saa nne au zaidi. Hakuna binadamu anayeweza kuwa makini kwa saa nne mfululizo, na anayejaribu huishiwa nguvu kwenye mashimo yaleyale uliyoyataja. Aruhusiwe kuzungumza, kutazama miti, kula ndizi, kisha arudi kazini anapoufikia mpira. Na kwa maoni yangu asijumlishe kadi yake kabisa hadi amalize shimo la 18.

Kedi Mstaafu, Nairobi

Mwalimu wa Moshi, pokea salamu kutoka Nairobi. Nimebeba mifuko ya wachezaji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, wa klabu na wa kulipwa, na mashindano ya Kenya Open nimeyafuata katika viwanja vya Muthaiga na Karen tangu nikiwa kijana. Mashindano hayo yalianza mwaka 1967 na mwaka 2019 yakaingia katika ratiba kuu ya Ulaya, kwa hiyo sisi tulioko hapa tumepata bahati ya kuwatazama watu wazito kwa karibu wanapofika shimo la mwisho wakiwa na kikombe mkononi au wakikipoteza.

Mhadhiri amezungumzia macho na pumzi, nami namuunga mkono. Nitazungumzia miguu, kisha maamuzi.

Kedi mzuri huona hofu ya mchezaji wake miguuni kabla haijafika mikononi. Kati ya griini na tii inayofuata, mchezaji aliyezidiwa hutangulia mbele ya mfuko wake, na akifika kule anasimama akingoja fimbo kama aliyecheleweshwa. Dawa yake ni nyepesi. Mwambie kedi wa binti huyo atembee yeye mbele, kwa mwendo ule wa shimo la pili, na asimruhusu kumpita. Mtoto hatajua kuwa amepunguzwa mwendo, lakini atafika kwenye mpira akiwa na pumzi.

Maamuzi ni habari ndefu zaidi. Mwaka 1999 pale Carnoustie, Uskoti, Mfaransa Jean van de Velde alifika kwenye tii ya shimo la 18, la mwisho kabisa la mashindano ya The Open, akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Shimo lile lilikuwa la mikwaju minne, na hata angelimaliza kwa sita angekuwa bingwa. Alichukua draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi. Mpira haukumdhuru sana, lakini mkwaju wa pili aliupiga kuelekea griini badala ya kuurudisha mahali salama, ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi kwenye nyasi ndefu, na wa tatu ukaingia katika kijito cha Barry Burn. Wengi wanaikumbuka picha yake akiwa amevua viatu ndani ya maji. Alimaliza kwa saba, na katika mashimo ya ziada Paul Lawrie, aliyeianza siku ile akiwa nyuma kwa mikwaju kumi, ndiye aliyechukua kikombe. Ninachokiona katika kisa hicho ni mtu aliyekuwa akipiga mpira vizuri sana siku ile, ambaye uamuzi wake ulipaswa kufanywa kabla hajasimama pale. Shinikizo likishapanda, kichwa huona njia moja tu, na mara nyingi ni ile iliyomfikisha alipo.

Kwa hiyo nakushauri umpeleke binti Dar es Salaam mapema kidogo, azunguke uwanja pamoja na kedi, na kwa kila shimo waandike kwenye daftari fimbo ya kwanza na upande salama wa griini. Kwenye mashimo matatu ya mwisho waandike pia kile atakachofanya ikiwa mpira umeingia mitini. Siku ya shindano kedi asome kilichoandikwa, basi. Safari hiyo ina faida nyingine. Moshi iko juu ya usawa wa bahari na Dar iko pwani, ambako hewa ni nzito zaidi, hivyo mpira wake utafupika kidogo. Ni afadhali agundue hilo siku ambayo hakuna kadi kuliko agundue akiwa anaongoza, kwani shaka juu ya umbali ni chakula cha hofu. Sisi wa Nairobi, tulio zaidi ya mita 1,600 juu, tunalijua vizuri kila tunaposhuka Mombasa.

Tena, asifikiri kwamba aliyevurugika mara moja ameandikiwa kuvurugika. Jordan Spieth alikuwa mbele kwa mikwaju mitano alipomaliza mashimo tisa ya kwanza ya siku ya mwisho ya mashindano ya Masters ya mwaka 2016, na shimo la 12 pale Augusta, fupi lisilofika hata mita 150, likamla mikwaju saba baada ya mipira miwili kuzama majini. Mwaka uliofuata, The Open ikiwa Royal Birkdale, mkwaju wake wa kuanzia kwenye shimo la 13 ulipotelea kulia kabisa kwenye kilima cha nyasi. Safari hii hakukimbia. Alitangaza kuwa mpira hauchezeki, akauliza maswali, akapanda kilima kutazama, na mwishowe akaudondosha mpira kwenye uwanja wa mazoezi ulio kando. Shughuli ile yote ilichukua dakika zisizopungua 20. Alipoteza mkwaju mmoja tu kwa kiwango cha shimo, yaani idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa shimo hilo, kisha katika mashimo manne yaliyofuata akacheza mikwaju mitano chini ya kiwango na kumshinda Matt Kuchar kwa mitatu.

Na Rory McIlroy wote tunamfahamu. Mwaka 2011, akiwa na miaka 21, aliianza siku ya mwisho ya Masters akiwa mbele kwa mikwaju minne akapiga 80. Miezi miwili baadaye alishinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Lakini Masters yenyewe ilimngoja hadi Aprili 2025, na hata siku hiyo alianza kwa kupoteza mikwaju miwili kwenye shimo la kwanza, akapoteza miwili mingine kwenye la 13 kwa mpira mfupi ulioingia kijitoni, akakosa mpira mfupi wa ushindi kwenye la 18, ndipo akamshinda Justin Rose kwenye shimo la ziada. Mwonyeshe binti raundi hiyo, video zake zipo. Amwangalie mtu aliyetetemeka mbele ya dunia nzima mara kadhaa katika alasiri moja, na kila mara akaendelea kucheza.

Nahodha wa Wanawake, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wa Nairobi, na asante kwa darasa. Mwalimu, karibuni Dar es Salaam.

Mhadhiri, nakuheshimu sana, lakini naomba nitofautiane nawe katika jambo moja. Umesema asijumlishe kadi. Katika klabu zetu jambo hilo haliwezekani, kwa sababu mwenzake anayemwandikia alama anajua, makedi wanajua, na wanaokaa kwenye baraza la klabu watamwambia kwa nyuso zao hata wakifunga midomo. Tena mfano alioutoa mzee unanipa nguvu: mtu anayehitaji sita tu kwenye shimo la mwisho anapaswa kulijua hilo na kulitumia. Wapo watafiti wawili, Devin Pope na Maurice Schweitzer, walioichunguza mikwaju ya griini zaidi ya milioni 2.5 ya wachezaji wa kulipwa nchini Marekani na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba hata wao, kwa umbali uleule, huingiza zaidi mpira wa kuokoa kiwango cha shimo kuliko mpira wa kushuka chini ya kiwango, kwa sababu kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha. Kama hesabu ya kadi inaingia katika vichwa vya watu wale, itaingia kichwani mwa msichana wa miaka 16. Mimi ningemfundisha kuijua hesabu yake kwenye kila tii, aiseme kwa sauti kwa kedi wake bila kuona haya, kisha aanze utaratibu wake. Habari aliyoizoea tangu shimo la kwanza haiwezi kumshtua kwenye la 15.

Jambo la pili ni aina ya shindano. Vijana wengi wa huku hukulia katika mfumo wa Stableford, ambao shimo likiharibika unaokota mpira, unaandika sufuri na kwenda mbele. Ni mfumo mzuri na wenye huruma. Lakini anayeingia katika shindano la kuhesabu kila mkwaju hukuta kwamba hakuna ruhusa ya kuokota mpira, na mpira wa sentimita 60 ambao wenzake humwachia kila Jumamosi, yaani huuhesabu umeingia bila kupigwa, sasa ni lazima aupige. Hilo peke yake ni shinikizo kubwa. Kuanzia leo, Mwalimu, msiachiane mpira hata mmoja, mpaka usikike ukigonga chini ya shimo.

Sasa swali lako la mwisho, la mazoezi yasiyo na kitu cha kupoteza. Kitu cha kupoteza hutengenezwa. Njia tunayoipenda kwetu ni ya mipira mitano mfululizo kutoka mita moja na nusu, kila mmoja kutoka upande wake wa shimo, na ukikosa hata wa tano unarudi mwanzo. Mpira wa kwanza hauna uzito wowote. Wa tano, baada ya kurudi mwanzo mara kadhaa na giza likianza kuingia, unaleta mapigo ya moyo yaleyale ya siku ya shindano. Halafu mpige picha za video kwa simu huku ukimwambia kwamba kundi zima litazitazama pamoja. Mhadhiri amewataja Beilock na Carr. Katika utafiti wao wa mwaka 2001, waliojifunza wakiwa mbele ya kamera ndio ambao hawakuvurugika shinikizo lilipokuja, kwa kuwa kutazamwa kulikuwa kumeshakuwa jambo la kawaida kwao.

Mazoezi ya kurudia mpira uleule mara 30 kwa fimbo ileile yapunguzeni mashindano yanapokaribia. Uwanjani hakuna mkwaju unaorudiwa. Acheze mashimo yote ya uwanja wenu akiwa palepale kwenye eneo la mazoezi: draiva, kisha fimbo namba saba, kisha weji, yaani fimbo ya mikwaju mifupi, kila mpira na shabaha yake na utaratibu wake kamili, na kati ya mpira na mpira atembee hatua chache.

Na matarajio yake yawe ya kweli. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kutoka umbali wa takriban mita 2.4 kwenye griini, huingiza karibu nusu tu. Kijana anayedhani kwamba kila mpira wa umbali huo ni haki yake ataondoka kwenye griini akiwa amejilaumu kwa jambo ambalo halikuwa kosa, na lawama hiyo ataibeba hadi kwenye tii inayofuata.

Mkufunzi wa Vijana, Moshi

Nawashukuru sana, mzee wangu na ndugu zangu. Nimeyasoma yote pamoja na binti mwenyewe, na hilo la kuisema hesabu kwa sauti limemvutia kuliko nilivyotarajia. Aliniambia kwamba kinachomchosha zaidi ni kuificha.

Limebaki jambo moja ambalo nalileta kwa heshima, kwa kuwa linahusu mzazi. Baba yake anampenda na hufuatana naye uwanjani shimo kwa shimo. Mambo yanapoharibika humwita kutoka kando na kumwambia apunguze nguvu, au achukue fimbo nyingine, na binti hugeuka kumtazama kabla ya kila mkwaju. Siwezi kumwambia mzee abaki nyumbani. Nifanyeje?

Mwamuzi wa Mashindano, Arusha

Mwalimu, nitakujibu kwanza kwa upande wa kanuni, kwa sababu huenda kanuni ikakusaidia kuzungumza na mzee bila kumkosea adabu. Wakati wa raundi mchezaji anaruhusiwa kumwomba ushauri kedi wake pekee, au mwenzi wake kama wanacheza kwa jozi. Ushauri ni neno lolote linalolenga kuathiri uchaguzi wa fimbo, namna ya kupiga au namna ya kulicheza shimo. Baba akisema "chukua namba saba" bila kuombwa, binti haadhibiwi kwa hilo, lakini akiendelea kuupokea ushauri wa mtu yuleyule bila kujaribu kumzuia, huhesabiwa kuwa ameuomba, na adhabu yake katika shindano la kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili. Maneno ya kumtia moyo, kumpa maji na chakula, hayo hayana tatizo lolote. Mweleze mzee hivyo kabla ya safari, mkiwa mmekaa, na umweleze kuwa lengo ni kumlinda binti yake asipoteze mikwaju. Sijaona mzazi anayekataa akielezwa hivyo.

Kisha mpe kazi. Mzazi asiye na kazi uwanjani ndiye anayepiga kelele, na hofu yake humfikia mtoto hata asiposema neno. Muombe atangulie mbele, asimame pembeni karibu na mahali mipira ya kwanza huangukia, aiangalie inapoingia kwenye nyasi ndefu. Mchezaji ana dakika tatu tu za kutafuta mpira, zinazoanza kuhesabiwa yeye au kedi wake anapoanza kutafuta, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kusaidia. Akiwa mbali mbele kwa mita 180, hawezi kumwita wakati anajiandaa kupiga, na binti hatakuwa na uso wa kugeukia isipokuwa shabaha yake.

Jambo la mwisho ni kwamba baadhi ya kamati za mashindano ya vijana huweka kanuni ya pale uwanjani inayokataza makedi kabisa, na nyingine huwakataza wazazi tu kuwa makedi. Waandikie waandaaji wa Dar es Salaam mapema muwaulize, kwa sababu mengi mliyopanga hapa, kuanzia mwendo wa kutembea hadi daftari la maamuzi, yamemtegemea kedi. Ikiwa makedi hawaruhusiwi, daftari alibebe mwenyewe mfukoni na azoee kulisoma kabla hajachomoa fimbo, na mazoezi ya kulisoma yaanze wiki hii huko Moshi.